Usiseme Kwetu ni Mwiko

Mwanangu Somoe,

Umetoka sasa hivi kwenda kunyoa. Umepita hapa mbele ya kibanda changu, umejitanda mtandio mpaka kwenye nyusi kama mtu anayepelekwa mahakamani, nami nikajifanya napiga randa ili tusitazamane. Nywele zile mama yako amezilea tangu hujajua kutembea, leo shule inataka kipara. Haya, zitaota. Nimeweka randa chini, nimekaa juu ya kitanda cha mteja ambacho bado hakijapakwa vanishi, nakuandikia kabla hujarudi.

Mama yako yuko ndani anafunga tranka, anafungua, anafunga tena. Ya ndoo, ya kandambili, ya kusali kwa wakati, ya kutoazimana nguo, yote ameshakwambia na kesho stendi atakwambia tena mpaka dereva apige honi. Ya sindano yako ya dharura ameyasema pia, na kimfuko chake cha kuvaa kiunoni kakushonea. Siyarudii. Mie nina langu moja, nimeamua kuliandika kwa sababu nikilisema litageuka mzaha. Unanijua baba yako. Mdomo wangu huu ukipewa jambo zito unatafuta pa kulichekea, na ndio uliotuponza.

Jana alasiri ulikuwa uani unaongea na simu na yule binti wa Temeke mliyepangiwa naye shule moja ya kidato cha tano. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa natafuta bisibisi, ingawa mama yako anasema bisibisi haijawahi kukaa uani tangu tujenge. Nikakusikia unacheka, halafu ukasema, "Aa, mie karanga sili. Kwetu ni mwiko, ukoo wetu hatuli." Mwenzako akauliza kitu, ukamjibu, "Eti kuna babu yetu alijifichaga kwenye shamba la karanga akapona, ndo tunaziheshimu." Mkacheka tena, mkaingia kwenye habari za madaftari.

Mwanangu, bisibisi niliisahau palepale. Nilitaka nije nikunyang'anye simu. Mama yako alikuwa kasimama mlangoni, akanipiga lile jicho lake, nikanywea. Lakini tangu hapo sijakaa sawa. Babu yule nilimtunga mimi, na wewe unajua kwamba nilimtunga mimi. Ulikuwa umekaa ubavuni kwangu siku nilipomkana mbele ya watu. Umemfufua kwa sababu ni rahisi, na hapa duniani hakuna anayejua kuliko mimi jinsi alivyo rahisi.

Acha nikusimulie upande wangu. Vipande vingi unavijua. Lakini vingine ulikuwa mdogo, na kimoja ulikuwa umelala chini hujitambui.

Sie tumetoka Newala, na kwetu karanga si kitu cha kutafuna njiani tu. Bibi yako, huyu uliyerithi jina lake ndiyo maana nakuita mama, kisamvu kisichotiwa karanga anakiita majani. Kila mwaka akishavuna alikuwa anatuma gunia kwa basi, na mie nikilipokea nilikuwa nalifungua palepale stendi nionje. Nimekua na harufu ya karanga za kukaanga kwenye nguo zangu. Kwa hiyo ulipoanza kushika ukuta kutembea, mama yako alikulambisha kisamvu kwenye ncha ya kidole, kwa furaha kabisa, akisema mtoto wa kusini aanze kujua kwao.

Midomo ikavimba. Macho yakajifunga. Pumzi ikawa inapiga filimbi. Tulikimbia na wewe bila viatu, na baada ya kuhangaika sana daktari wa hospitali kubwa akatuambia una aleji ya karanga. Akasema si ya kuchezea, hata punje moja, hata kijiko kilichokorogea mboga yake. Nilimuuliza itaisha lini. Akasema wengine huisha, wengine haiishi, tusiijaribu ili tujue.

Nikarudi mtaani kuwaeleza watu. Wakacheka. Mama Shukuru, huyu tunayepakana naye ukuta, aliniambia, "Baba Somoe, aleji ni ugonjwa wa Mbezi Beach. Sie wa Mbagala tunaumwaga malaria." Mwingine akasema tukupe kidogo kidogo uzoee. Si kwamba walikuwa watu wabaya, la. Walikuwa wanakupenda, na kwetu kumpenda mtoto ni kumtia kitu mdomoni. Mmoja akakutia kipande cha kashata kwa siri, tukarudi tena hospitali. Bibi yako naye akaja kutoka Newala, akakaa kwenye jamvi, akauliza, "Karanga zangu zimemkosea nini mke mwenzangu?" Nilipomweleza aliitikia, lakini nilimwona ameumia. Alisikia kama mkono wake umekataliwa.

Halafu ikaja hitma ya marehemu jirani yetu wa nyumba ya kona. Umekaa mapajani kwa mama mmoja simfahamu, sinia liko mbele, na mimi niko upande wa wanaume nakutazama kwa mbali. Nikaona tonge la wali limebanwa na kisamvu, linakuja kwako. Nikapiga kelele, "Mwiko! Msimpe, kwetu karanga ni mwiko!"

Tonge lilisimama hewani. Yule mama akaliweka chini, akaenda kunawa mikono bila kuambiwa na mtu, akarudi kuniomba radhi. "Samahani sana kaka yangu, sikujua. Na nini kingine hamli?" Wallahi, nilishangaa. Mwaka mzima nilikuwa nabeba maneno ya daktari mlango kwa mlango nachekwa, na neno moja la kubuni limefunga vinywa vya msiba mzima. Aliyesema mtoto ana aleji alijibiwa kwamba mtoto hadekezwi. Aliyesema mwiko hakuulizwa hata sababu.

Ila mie sikuishia hapo, si unanijua. Kufika magharibi mwiko ulikuwa umeshapata babu. Nikampa na jina, Mzee Likomba. Nikasema alikuwa anakimbizwa na maadui, akalala chini ya majani ya karanga, wakampita, naye akaapa kwamba hakuna wa damu yake atakayezitafuna. Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Habari ikasafiri mpaka Newala, bibi yako akanipigia simu. "Ukoo upi huo? Mie nimekulea kwa karanga. Na karanga haifiki hata magotini, huyo babu yenu alijificha vipi, alikuwa panya?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikujua kama nacheka kaburini kwangu.

Miaka ikapita, Likomba akatufanyia kazi nzuri. Majirani walikulinda. Mama ntilie wa pale getini shuleni akikuona alikuwa anafunika sufuria. Mama Shukuru akawa ananawa mikono kwenye bomba letu kabla hajakubeba. Na wewe ulimpenda yule mzee. Ulimchora kwenye kuta za kibanda changu kwa penseli ya useremala, kalala chini ya majani, miguu imetokeza. Mchoro mmoja bado uko nyuma ya mlango, sijaupiga msasa. Nilikuwa nakuona unavyomchora nikajisemea, uongo gani huu wenye kumfanya mtoto afurahi namna hii, kuna ubaya gani.

Ukaingia darasa la tano. Wazazi tukakubaliana watoto wapewe uji wa lishe saa ya mapumziko, wenye unga wa karanga ndani yake, kwa sababu watoto wengi walikuwa wanakuja hawajala. Mie nilikuwa kwenye kamati ya shule. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza kunyanyuka. Nikamfuata mwalimu mkuu nikamwambia, "Binti yangu hatakunywa, kwetu ni mwiko." Akaitikia kwa kichwa akaendelea na safari yake. Nami nikaenda zangu, nimeridhika.

Kipindi hichohicho madrasa mkafundishwa kwamba mtu asiwaogope waliokufa akaacha kumwogopa Mungu. Ustadhi wenu alisema kweli, na sijawahi kumlaumu. Wewe ukarudi nyumbani umenyamaza. Mama yako aliona kuwa unawaza kitu, alikuuliza, ukasema hamna kitu. Kumbe ulikuwa umeshaamua kutomwogopa Likomba. Kesho yake ukapanga foleni na wenzako, ukapokea kikombe, ukasema Bismillahi, ukanywa uji wote.

Simu yangu ikaita nikiwa nimeshika mbao kwenye msumeno. Sauti ya mwalimu ikasema, "Baba Somoe, mtoto kavunja mwiko, njooni na wazee wenu."

Nikamuuliza, "Mwiko gani?"

Mwanangu, hicho ndicho kipande ninachotembea nacho. Nilikuwa nimesahau. Nilisimama na simu sikioni kama mtu aliyepigiwa kimakosa, najiuliza mwiko gani, wazee gani, na wewe huko pumzi zinakatika. Mpaka mwalimu aliposema "uji" ndipo nikatupa msumeno.

Nilipofika nikakuta wamewasha akili zao zote kunisaidia, kwa jinsi nilivyowafundisha mwenyewe. Walikuwa wamekulaza kivulini, wakakufunika khanga, mmoja akatumwa dukani kutafuta unga wa kutambikia, mwingine akatumwa kumwita mzee wa Kimakonde anayekaa karibu na soko aje aseme maneno. Hakuna aliyezembea hata mmoja. Walikuwa wanawaita wazee wangu wa kubuni, wanasubiri waje.

Ila wewe hukuwepo tena pale kivulini. Khanga ilikuwa imebaki peke yake. Mwalimu Neema, aliyekuwa amehamia kutoka Bukoba siku chache nyuma, alitoka ofisini akaona mtoto anashindwa kuvuta hewa. Hadithi ya Likomba ilikuwa haijamfikia. Akasimamisha bodaboda, akakubana katikati yake na dereva, wakaondoka huku wenzake wanamwambia asubiri wazee. Huwa nawaza, kama angekaa pale mwezi mmoja zaidi angekuwa ameshasimuliwa, naye angesubiri.

Ulipozinduka, na sindano bado iko mkononi, neno lako la kwanza lilikuwa kwangu. "Baba, Babu Likomba kanisamehe?"

Nikakujibu, "Ndiyo, kakusamehe." Hata hapo.

Mama yako alikuwa upande wa pili wa kitanda. Hakunifokea, na bora angenifokea. Alisema, "Mwambie. Mwambie sasa hivi, kabla hajalala." Nikakwambia. Nilidhani utanikasirikia. Wewe ulilia kimya kimya, na nilipokuuliza unalia nini ukasema, "Kwa hiyo hakuwepo?" Ulimlilia yule mzee kama mtu aliyefiwa, na mie ndiye niliyemleta na ndiye niliyemwua.

Ni kwenye kliniki ya aleji, tulikokuwa tunakurudisha baada ya hapo, ndipo nilipokutana na Mama Joshua. Nilimkuta kwenye benchi peke yake, karani anayekaa Wazo, nguo safi, pochi mapajani. Nikadhani mtoto wake kaenda chooni. Nikamuuliza, kwa ule mdomo wangu, "Wako yuko wapi, au kakutoroka?" Akaniambia mtoto wake alikuwa na aleji ya samaki. Shuleni waliwaambia tangu siku ya kwanza, kwa lugha ya daktari, wakaitikia. Siku moja waliondoa dagaa kwenye mchuzi, wakampa mchuzi. Joshua hakupata Mwalimu Neema. Mama yake alikuwa bado anakuja kliniki ile bila mtoto, kukaa na wazazi wengine na kuwaambia waandike majina yao, waende pamoja kudai sheria.

Niliandika jina langu. Nilisema nitakwenda naye mara moja mbili. Unajua ilivyokuwa, maana chakula cha jioni mlikuwa mnakula bila mimi. Ofisi ya mtaa ikatupeleka kata, kata ikatupeleka halmashauri. Watu wa elimu wakasema jambo hili ni la afya, watu wa afya wakasema hili ni la elimu. Njooni Jumanne, mhusika yuko semina. Mie nilikuwa nagombana na makarani mpaka Mama Joshua akawa ananivuta shati. Yeye hakuwahi kupandisha sauti. Alikuwa anasema kile kile kila dirisha: shule imuulize mzazi mtoto wake hali nini, ijulikane nini kimo ndani ya sufuria, na kila shule iwe na walimu wanaojua la kufanya mtoto akianguka. Hakuomba zaidi ya hayo. Nami nikawa nashangaa, haya yanahitaji sheria kweli? Yanahitaji, kwa sababu tulishajaribu huruma za watu na wewe ulilazwa kivulini.

Siku wazazi walipoitwa ukumbi wa kata kujadili madai yetu, wewe ulikuja umevaa sare yako ya sekondari. Nilijiandaa, nilikuwa na maneno mengi. Mama mmoja akasimama kabla yangu, muuza mkaa, akasema, "Mie wanangu wanatoka nyumbani hawajatia kitu tumboni. Uji ule ndo chakula chao mpaka jioni. Leo mnataka kuutoa kwa sababu ya watoto wawili watatu?" Ukumbi ukampigia makofi. Maneno yangu yakapotea yote, kwa sababu alikuwa anasema kweli, na mkono wa kwanza kunyanyukia uji ule ulikuwa wangu.

Halafu mzee mmoja wa meza kuu akanitazama, akatabasamu. "Huyu bwana namfahamu. Kwao karanga ni mwiko. Sasa ndugu zangu, hapa Mbagala kuna makabila mangapi? Tukianza kutunga sheria za miko ya koo za watu, tutamaliza lini?" Watu wakaangua kicheko. Nilikuwa nimekaa, nimeinama, nawaza kwamba Likomba ametufuata mpaka ukumbini. Ndipo ukaniegemea sikioni ukasema, "Baba, sema tu."

Nikasimama nikasema. Kwamba hakuna mwiko, hakuna Likomba, nilidanganya kwa sababu nilichoka kuchekwa, na uongo ule ulitaka kuniulia mtoto huyu hapa mnayemwona. Wengine wakacheka zaidi. Mama Joshua akasimama nyuma yangu, akangoja wamalize, akasema, "Na mimi kwetu hakuna mwiko. Joshua alikuwa na aleji ya samaki. Tulisema ukweli, wakasema atazoea." Akakaa. Hapo kicheko kikakatika. Na aliyesema wa kwanza ni yule yule mama muuza mkaa. "Sasa si wapike sufuria mbili? Moja wasitie karanga. Tatizo liko wapi hapo?"

Ilichukua muda mrefu kutoka siku ile mpaka halmashauri yetu kupitisha sheria ndogo, na ilipopita hakukuwa na sherehe. Mama Joshua alinipigia akasema, "Imepita, Baba Somoe," halafu akakata simu kwa sababu alikuwa analia. Leo shule za huku zina sufuria mbili. Lakini sheria yetu inaishia mpaka wa halmashauri. Ya nchi nzima bado tunaidai. Wanasema wanaifanyia kazi. Mama Joshua anakwenda tena Dodoma, nami nitafuatana naye, hivi vitanda vitasubiri vanishi.

Na wewe, katika nchi yote hii, wamekupangia Tabora, mkoa wa karanga. Nilicheka kwanza, baadaye nikaenda nyuma ya kibanda nikakaa. Fomu yao ya kujiunga imetaka ndoo, jembe, reki na shuka za rangi, haikuuliza mahali popote huli nini. Nimempigia matroni, mama mpole sana, akasema, "Tutaangalia, baba." Naijua hiyo tutaangalia. Sina sheria ya kukupa huko unakokwenda, mwanangu. Nilitaka iwe imefika kabla yako, ikusubiri getini. Tumechelewa.

Ndiyo maana Likomba nakuomba umwache hapa, nyuma ya mlango wa kibanda, kalala chini ya majani yake. Najua atakupendeza huko. Wasichana watamheshimu, hawatakuita mtoto wa Mbezi Beach, hawatakuuliza unajidai nini. Ukisema aleji utachekwa, na yupo atakayetaka kukujaribu, na utalazimika kusema tena na tena mpaka uchoke, kama nilivyochoka. Nimechoka nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, sembuse wewe msichana mgeni bwenini. Sikulaumu hata kidogo kwa simu ya jana. Ila fikiria siku utakayoanguka. Aliyeambiwa aleji atatafuta hiyo sindano kiunoni kwako. Aliyeambiwa mwiko atanipigia simu mimi, na mie niko Mbagala.

Bibi yako kapiga simu asubuhi hii. Kauliza, "Mke mwenzangu akishaondoka, nitume gunia?" Nimemwambia asitume. Akasema hata yeye hakuwa na nia ya kutuma, alitaka tu kusikia nitajibu nini. Mama Shukuru naye kamwambia mama yako ukutani, "Sasa shoga yangu mtakula kisamvu cha maana." Mama yako aliingia ndani akaanza kufungua lile tranka.

Sitakudanganya tena, karanga nazitamani. Nikipita kwa wakaanga karanga pale barabarani nafunga pumzi kama ninayekwepa mdai. Kuanzia kesho hakuna cha kunizuia, nyumba ni yangu, mtoto hayupo. Na hilo ndilo nisilolitaka, mama. Ningependa nizuiwe. Ningependa niendelee kunusa mikono ya wageni, kugombana na wauza kashata, kufua shati kwa sababu nimekaa karibu na mtu aliyekuwa anatafuna. Miaka yote hii nilidhani naifanya kazi ile kwa ajili yako, kumbe ndiyo ilikuwa njia yangu ya kukaa na wewe, na kesho alfajiri inapanda basi.

Naona mtu anakuja kule kwenye bomba, kichwa kinang'aa. Ni wewe. Umesimama unanawa mikono kabla hujaingia uani, kwa mazoea tu, kichwa kimekuwa kidogo kama siku ulipozaliwa tukakuleta kutoka hospitali. Nitaikunja barua hii niitie chini ya shuka zako, uikute Tabora.

Huko kila sahani uulize, hata wakichoka na wewe. Uliza mpaka wakuite mama maswali. Halafu likizo ikifika urudi huku. Gunia halitakuwepo, kisamvu kitakuwa majani, na mie na mama yako tutakuwa tumekula hivyo hivyo siku zote ulizokuwa mbali. Ukiingia usiulize mtu kitu. Nenda jikoni, funua sufuria yoyote, ule.

Baba yako.